Msinicheke

Wanafunzi wenzangu, nikisema nataka kusomea elimu maalum Chuo Kikuu cha Kenyatta, mnacheka. Eti ni kozi ya waliokosa udaktari! Sikubali hata kidogo. Binamu yangu hapa Mwanda ni kiziwi. Ana miaka tisa, na kazi yake ni kuchunga mbuzi. Nyanya humwita kwa kumrushia kokoto. Vituo vya serikali vya kupima watoto kama yeye vilianza 1984, lakini nyumbani hakuna aliyejua. Jamani, anayesomea elimu hii si lazima ashike chaki tu. Aweza kuwa mpimaji kituoni, awaeleze wazazi mtoto aende shule gani. Angefika kwetu mmoja tu mapema, binamu angekuwa darasani leo. Jumamosi humfundisha ishara nilizozipata kitabuni. Juzi aliomba maji kwa mkono.