Kipigo cha Antalya na mashabiki wa kando ya Ziwa

HARAMBEE Stars walipocharazwa 8-0 na Senegal mjini Antalya, Uturuki, mnamo Novemba 18, 2025, Sadio Mane peke yake alitia kimiani mabao matatu. Mashabiki wa Kenya hawakuwa na njia ya kufika huko kuwazomea vijana wa kocha Benni McCarthy, wala kuwafariji.

Mechi hiyo ilikuwa ya kirafiki. Senegal walikuwa wakijinoa kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Morocco, ambazo Kenya haikufuzu. Katika hesabu ya FIFA ya kuorodhesha mataifa, mechi ya kirafiki iliyo kwenye kalenda rasmi hupewa uzito wa 10, ilhali ya kufuzu ina uzito wa 25. Kwa hivyo hasara ya pointi haikuwa ya kutisha. Hasara iliyo nzito zaidi ni ya imani ya mashabiki, na hiyo haina jedwali.

Hata hivyo, si kweli kwamba wingi wa mabao ndio humfukuza shabiki. Kipigo kikubwa zaidi katika kumbukumbu za timu ya taifa kilitokea nyumbani. Mnamo Desemba 12, 1965, Kenya ikiadhimisha miaka miwili ya uhuru, Ghana walizuru Nairobi wakiwa mabingwa wapya wa Afrika na kushinda 13-2. Aibu hiyo ilitendeka mchana, mbele ya wenyewe, na siku ya sherehe! Lakini kandanda haikufa. Miaka saba baadaye, Kenya ilishiriki fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon.

Linalomchosha shabiki ni kutengwa na timu yake. Kwa kukosa uwanja ulioidhinishwa, Kenya ilipokea "wageni" wake ugenini: Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, Juni 2024, kisha Zimbabwe na Cameroon mjini Kampala mwaka huo huo. Shabiki wa Kondele au wa Port Victoria, huko Budalang'i, angefanya nini ila kutazama runinga?

Eneo hilo la Ziwa halina uhaba wa mapenzi ya soka. Ni ngome ya Gor Mahia, klabu iliyotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987 baada ya kutoka sare mara mbili na Esperance ya Tunisia, 2-2 na 1-1, na kunufaika na mabao ya ugenini. Gor wamepitia ukata na misimu mibaya, lakini wafuasi wao hawakuhama. Wanawajua wachezaji kwa majina na wamewaona kwa macho.

Siri hiyo hiyo ilionekana katika fainali za CHAN, Agosti 2025, wakati timu ya wachezaji wa ligi ya nyumbani ilipoilaza DR Congo, Morocco na Zambia, zote 1-0, uwanjani Kasarani. Bao la kwanza la kampeni hiyo lilifungwa na Austin Odhiambo, wakati huo kiungo wa Gor Mahia. Watu walifurika hadi CAF ikaamuru idadi ipunguzwe. Madagascar walipowaondoa Stars kwa penalti katika robo fainali, mashabiki waliumia, lakini hawakuona haya.

Tatizo ni kwamba Kasarani iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisumu. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na tikiti, si mzaha kwa mvuvi wa Dunga.

Wasimamizi wa soka wana nafasi ambayo hawaitumii ipasavyo. Masharti ya uwanja kwa mechi ya kirafiki si makali kama ya mechi ya kufuzu, na Kisumu ina nyuga mbili, Moi na ule wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo. Badala ya kusafiri hadi Uturuki, baadhi ya mechi hizo zingeweza kuletwa hapo, hata kama mgeni si Senegal bali Rwanda au Sudan Kusini.

Hilo si ndoto. Mnamo Desemba 2017, nusu fainali za Kombe la CECAFA zilichezwa Moi, Kisumu. Stars waliilaza Burundi 1-0 katika muda wa ziada, kwa bao la Whyvonne Isuza, na siku tatu baadaye wakatwaa kombe mjini Machakos kwa kuwashinda Zanzibar kwa penalti.