Kumheshimu Daktari Si Kunyamaza

Mama mmoja wa kanisa letu, muuza viazi sokoni, aliumwa na mgongo kwa miezi mitatu. Mara tatu alikwenda kliniki, mara tatu akapewa dawa za kutuliza maumivu, na mara tatu akaitikia, "Asante, daktari," akarudi nyumbani. Hakusema kwamba usiku alitokwa na jasho hata shuka zikalowa. Hakusema kwamba alikuwa amekonda, wala kwamba miguu ilianza kulegea alipopanda ngazi za kanisa. Tulipomwuliza kwa nini aliyaficha hayo, alitujibu: "Daktari hakuniuliza, nami sikutaka kumfundisha kazi yake."

Jibu hilo limetukosesha usingizi. Wako miongoni mwetu watu waliosimama mbele ya chifu na kudai sababu ya kila amri, lakini wakiingia chumba cha daktari hugeuka kuwa watoto. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hatusemi kwamba kila anayeumwa mgongo apelekwe kwenye mashine. Maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe katika majuma machache. Tena, picha ya mtu wa makamo asiyeumwa popote huweza kuonyesha mifupa iliyochakaa, ikamtia hofu bure. Skani ya CT humpitishia mtu mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, na MRI, ingawa haina mionzi hiyo, ni ya gharama kubwa. Daktari anayekataa kwa sababu njema anakulinda wewe na mfuko wako.

Lakini ziko dalili zisizostahili kungojeshwa: miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia haja au kushindwa kukojoa, homa, kukonda bila sababu, maumivu baada ya kuanguka vibaya, au kuwahi kuugua saratani. Kwa mwenye dalili hizi, kutumwa apigwe picha si anasa wala fadhila.

Basi mgonjwa amshawishije daktari? Sisi tulio mawakili twajua kwamba hakimu haamui kwa machozi peke yake, hutaka ushahidi. Andika katika karatasi moja maumivu yalianza lini, yameongezeka vipi, umemeza dawa gani kwa siku ngapi, na kazi ipi huiwezi tena. Anza na dalili iliyo nzito zaidi, maana muda ni mfupi na foleni ni ndefu. Usitangulie kusema, "Nataka skani." Eleza kwanza, kisha uliza kwa upole: Daktari, unashuku nini? Ni kipi kinachokuonyesha kwamba si ugonjwa mkubwa? Je, picha ingeweza kubadilisha matibabu yangu? Nikirudi nyumbani, ni dalili gani zikitokea nisisubiri?

Akikataa na hukuridhika, mwombe aandike katika faili kwamba uliomba, na sababu ya kukataa. Omba pia maoni ya daktari mwingine. Akikubali, uliza ni hospitali gani ambako mashine inafanya kazi, na ni kiasi gani utalipa mwenyewe. Barua ya rufaa ya kwenda penye mashine mbovu haimtibu mtu.

Haya si maombi ya mnyonge. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za uchunguzi na matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 14 kinampa haki ya kulalamika. Sheria hizi hazikuandikwa ili zikae kabatini.

Mama yetu alirudi kliniki mara ya nne, karatasi mkononi, na binti yake kando yake. Daktari aliisoma, akampima miguu, akanyamaza kidogo, kisha akaandika barua siku ileile. Kanisa lilichanga fedha. Picha ilionyesha kifua kikuu kilichokwisha kuula uti wa mgongo. Leo anameza dawa ambazo katika hospitali za umma hutolewa bila malipo, na anatembea kwa mkongojo. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu na mgonjwa asiyesema. Lakini majuma yale yaliyopotea hakuna awezaye kumrudishia.

Twawaomba viongozi wa jumuiya na vikundi vya akina mama: mgonjwa asiende peke yake. Msaidieni kuandika karatasi yake, na mmoja wenu aketi naye mbele ya daktari. Mjane wa Injili hakumtukana hakimu wala hakumwogopa. Alirudi, akarudi tena, akiitaja haki yake, mpaka akasikizwa. Nasi tuingie kliniki kwa moyo huohuo.