Malka Ikifungwa, Zizi Hufa

Sisi wa mjini tukisikia mapigano ya wafugaji na wakulima, huuliza wamekufa wangapi, kisha tukasahau. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, Tana Delta, watu wapatao 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Hadi mapema 2013, waliouawa katika mapigano ya Waorma na Wapokomo walikuwa wamepita 100. Hesabu hiyo tunaijua. Tusiyoifanya ni ya walionusurika.

Mfugaji wa Kiorma hakai mahali pamoja. Mvua ikinyesha huenda bara na mifugo wake. Kiangazi kikikaza hurudi delta, na wenzake wa Garissa nao huteremka. Mto huufikia kwa malka, yaani njia ya mifugo inayopita kati ya mashamba ya Wapokomo. Vita vikizuka, malka hufungwa. Mbele mtoni kuna panga, nyuma kuna nchi kavu. Ng'ombe hufa bila kuguswa na mtu.

Kisha soko nalo hufa. Mfugaji hana mshahara. Akitaka karo, unga au dawa, huuza mbuzi. Wachuuzi wakiogopa kufika Garsen, humuuzia kwa bei ya kutupa yule mmoja aliyethubutu. Maziwa, ambayo ndiyo pato la akina mama, huharibika. Mkulima naye hana nafuu: shamba la ng'ambo halendeki, na mahindi yake hayana mnunuzi.

Serikali ilileta askari na kafyu, viongozi wakapeana mikono. Sipingi. Lakini askari humzuia mwenye panga tu. Hawampi ng'ombe njia ya kwenda kunywa. Kiangazi kijacho ugomvi ni ule ule.

Ninavyoona mimi, malka zipimwe na kuwekewa alama, wazee wa pande zote mbili wakiwepo, kabla hati za ardhi hazijatolewa kando ya mto. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatambua haki za malisho. Kaunti isingoje damu nyingine ndipo iitumie. Anayelishiwa shamba alipwe upesi, asije akajilipiza mwenyewe.

Dini yetu imetufunza kuwa maji na malisho ni vya ushirika. Tukumbuke hilo leo mto ungali na maji, si siku tutakapoitwa kuzika.