Kiti cha Kudumu

Mada ya "fedha imeharibu soka" imezoeleka kwenye midahalo ya shule, na bila shaka wewe mtahiniwa unazo hoja zake mkononi: Neymar kununuliwa na Paris Saint-Germain kwa euro milioni 222 mwaka 2017, mishahara mikubwa, matangazo kwenye kila jezi. Kwangu hizo ni hoja nyepesi. Mchezaji ni mfanyakazi, tena miaka yake ya kazi ni michache. Akilipwa vizuri sina ugomvi naye.

Mimi naanzia Aprili 18, 2021. Siku hiyo klabu 12 za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza ligi yao mpya, Super League. Waanzilishi wangefika 15 na nafasi zao zingekuwa za kudumu. Hata wakishika mkia, hawashuki. Timu zingine zote za Ulaya zingegombea nafasi tano zilizobaki.

Sasa angalia majina. Tottenham ilikuwemo, ingawa mara ya mwisho kutwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza ilikuwa 1961. Leicester City haikuwemo. Hii ni timu iliyocheza daraja la tatu msimu wa 2008/09, na mwaka 2016 ikawa bingwa mbele ya matajiri wote. Yaani bingwa wa juzi anabaki kugombea zile tano kila mwaka, na aliyekaa miaka sitini bila ubingwa anapewa kiti kwa sababu jezi zake zinauzika.

Jaribu kuingia chumba cha mtihani Novemba ukaambiwa watahiniwa 15 tayari wana daraja la kwanza, waandike wasiandike. Ungekesha kusoma kweli? (Na wale 15, wangekesha?)

Mashabiki walielewa upesi. Siku mbili baadaye wale wa Chelsea walijaa barabarani nje ya uwanja wa Stamford Bridge, na kufikia asubuhi iliyofuata klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa. Kumbuka kwamba klabu yao ilikuwa miongoni mwa wenye viti, na ilikuwa imetajirishwa na mabilioni ya Roman Abramovich ambayo walikuwa wameyashangilia kwa miaka.

Basi ukisimama kwenye mdahalo, mishahara waachie wenzako. Wewe muulize mpinzani wako kwa nini shabiki wa Chelsea aliukataa mpango uliomhakikishia nafasi.