Kabla Hamjamwaga Kasiksi ya Mama, Tusikilizeni

Ndugu zetu vijana, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaanza na aibu yetu wenyewe. Mwezi uliopita sisi vijana saba wa kikundi, hapa Nakivale, tulitengeneza pombe ya ndizi kwa mara ya kwanza. Usiku wa pili jerikani ikapasuka. Mlio uliamsha watu, jirani akadhani ni risasi, watoto wake wakajificha chini ya kitanda. Kwa watu waliotoka kule tulikotoka, hilo si jambo la kucheka. Asubuhi tulipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, nguo zetu bado zinanuka ndizi.

Kwa nini tulijiingiza kwenye mambo haya? Ni mkutano mmoja ulitusukuma. Tuliitwa kwenye kikao cha uhamasishaji, na aliyezungumza akasema pombe ya kienyeji ndiyo chanzo cha shida zote za kambi, eti vyungu vyote vimwagwe. Watu wakapiga makofi. Wenzetu wawili hawakupiga. Waliangalia chini, kwa sababu ada yao ya sekondari ilitoka kwenye chungu cha mama. Tulipotoka tukaulizana: nani kati yetu anajua kasiksi inatengenezwaje? Hakuna hata mmoja. Kumbe tulikuwa tunapiga makofi juu ya kitu tusichokijua. Tukaenda kwa Koko.

Koko, kwetu Kivu, ni mzee wa kike unayemheshimu kama mama wa mama yako. Huyu alipika pombe Masisi kabla ya vita, na anajua kazi. Alitucheka kidogo, halafu akatutuma kununua ndizi. Tulichanga shilingi 5,000 kila mmoja. Isingiro ni nchi ya ndizi, mikungu haikosekani, lakini alikataa ule wa kwanza tuliouleta: ulikuwa wa ndizi za kupika. Alitaka ndizi za pombe, zile chungu zikiwa mbichi.

Tulichimba shimo, tukalitandika majani ya mgomba, tukapanga ndizi, tukafunika kwa majani na udongo, na pembeni tukawasha moto mdogo ili joto liingie. Siku ya nne zilikuwa zimeiva zote sawasawa. Tukamenya, tukaweka kwenye beseni, tukazikanda pamoja na nyasi kavu. Hapo ndipo tulijua kwa nini mama zetu wanalalamika mgongo. Unakanda, unakanda, huoni kitu, mpaka ghafla maji matamu yanaanza kutoka na povu. Tukachuja. Tukaongeza maji tuliyoyachemsha na kuyapoza, kwa sababu Koko alituambia waziwazi kwamba maji mabaya yameharisha watu wengi kuliko pombe yenyewe.

Juisi hiyo, ambayo wenzetu wa Burundi na Rwanda wanaiita umutobe, haina kilevi bado. Wenzetu watatu hawanywi pombe, mmoja Mwislamu na wawili walokole, na wao walikunywa ile juisi wakafurahi. Kinachoibadilisha ni unga wa mtama uliokaangwa. Mtama unaleta chachu, chachu inakula sukari ya ndizi, na inatoa vitu viwili: kilevi na hewa ya kaboni.

Sisi tulisahau ile hewa. Tuliogopa inzi, tukaimimina kwenye jerikani na kukaza kifuniko kwa nguvu zote. Koko alipokuja kuona mabaki alishika kiuno: “Mulifunga mudomo yake, mulifikiri itapumulia wapi?” Mara ya pili tulifunika kwa kitambaa safi tu. Siku mbili baadaye tulikuwa na kasiksi.

Sasa tuseme tulichojifunza.

Kwanza, chungu hiki ni cha watu wengi. Mkongo anaita kasiksi, Mrundi anaita urwarwa, Mnyarwanda anaita urwagwa, wenyeji wetu wa Uganda wanaita tonto. Kwa Warundi huwezi kupeleka posa bila pombe, na watu waliogombana wanapatanishwa wakinywa chungu kimoja kwa mirija. Ukimwambia mzee kwamba hiyo yote ni uchafu, hatabishana na wewe. Atanyamaza, na kesho hatakuja kwenye kikao chako.

Pili, kuna hesabu ya tumbo. Mwaka 2020 PAM ilipunguza msaada wa chakula hapa Uganda hadi asilimia 70. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu kulingana na uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kwenye msaada huo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunashukuru kwa hilo. Lakini mama asiye na mtaji wala cheti, mwenye migomba michache nyuma ya nyumba, atafanya kazi gani? Anafanya ile aliyofundishwa na mama yake.

Tatu, na hapa hatutaki kujificha: pombe inatuumiza. Tunawajua vijana wa rika letu wanaoanza kunywa saa mbili asubuhi kwa sababu siku haina kitu kingine. Tunazijua nyumba ambazo mama na watoto wanalala kwa jirani baba akirudi amelewa. Kuna mtama wa chakula unaoishia kwenye chungu wakati mtoto hajala. Mmoja wetu aliandika sentensi hizi akisimulia kwao. Kwa hiyo msidhani tunatetea ulevi.

Tunachokataa ni kuweka kila kitu kwenye kapu moja. Kasiksi ni pombe iliyochachuka. Kanyanga, lotoko na waragi zimechemshwa na mvuke wake ukakusanywa, ni kali mara nyingi zaidi. Kuzitengeneza bila leseni kulikatazwa Uganda miaka ya 1960, kwa sheria ya Enguli. Na hatari yake si hadithi. Mwezi wa 4 mwaka 2010, Kabale, si mbali na hapa, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha macho kabla ya kuua. Sasa fikiria: ukimwaga kasiksi ya mama, mnywaji wake hataenda kunywa chai. Ataenda nyuma ya maduka kutafuta kanyanga, ambayo ni rahisi kuificha kwenye chupa. Umeziba shimo dogo, umefungua kubwa.

Kwa hiyo ombi letu kwenu, wafanyakazi wa mashirika, ni hili. Kabla ya kampeni nyingine, kaeni na mama wapikaji chini ya mti, bila kamera. Waulizeni chungu kinalipa nini. Zungumzeni nao maji yaliyochemshwa, vyombo visivyowahi kubeba dawa ya shamba, na kutouza kwa mtu chini ya miaka 18 wala kwa mjamzito. Wapo watakaopenda kuuza juisi badala ya pombe, lakini juisi ya ndizi inachachuka haraka kwenye joto. Anayetaka mama aache pombe amsaidie kupata njia ya kuihifadhi. Na yule anayelewa kila siku anahitaji mtu wa kuzungumza naye, hata pale ambapo hakuna chungu cha kumwaga.

Na kwetu vijana: tusiwaonee aibu mama zetu. Tukae nao, tukande ndizi, tushike mgongo kama wao. Ukijua kazi iliyoingia kwenye kikombe kimoja, labda utafikiri kabla ya kuomba cha nne. Sisi tulifikiri. Na rafiki yako akikuletea kanyanga, mwambie jina la Kabale.

Kikombe cha kwanza cha pombe yetu tulimpelekea Koko. Alionja, akakunja uso, akasema mtama tuliukaanga mpaka ukaungua. Cha pili tulimpelekea yule jirani, pamoja na juisi kwa watoto wake. Mdogo kabisa alituuliza kama itapasuka tena. Tulimwonyesha kitambaa.