Kiswahili Kina Wenyewe

Mwanafunzi mpenzi, upo msemo unaopendwa sana katika makongamano na katika insha zenu: "Kiswahili hakina mwenyewe." Husemwa kwa nia njema. Anayeusema hapa Kampala hutaka kumwondolea Mganda hofu, ajue kwamba lugha hii si mali ya Mkenya wala ya Mtanzania, wala haikubaki mikononi mwa askari waliowatisha wazazi wetu. Nia hiyo naiheshimu. Msemo wenyewe naukataa, na leo nakuomba nawe uukatae, kwa sababu wapo watu unaowafuta.

Watu hao wana makao. Chukua ramani ya Kenya, ufuate pwani kuelekea kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia, utaviona visiwa vya Lamu. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Pate, na katika kisiwa hicho kimo kijiji kiitwacho Siyu. Wakazi wake ni Waislamu, na lugha yao ya mama ni Kisiu, mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili, ndugu ya Kiamu cha Lamu.

Siyu haikuwa kijiji siku zote. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Humo misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi. Humo ngozi ilishonwa viatu na mbao zikachongwa nakshi. Mtawala wake, Bwana Mataka, alikataa kumtii Sultani wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid Said yalishindwa huko. Mke wa Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka 1858 alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi unaotajwa hadi leo kila zinapohesabiwa kazi kuu za fasihi ya Kiswahili. Sasa jiulize: jina la Mwana Kupona umelisikia mara ngapi darasani? Na jina la Siyu je? Tumeuchukua utendi, mji tukauacha.

Wala hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyozihudumia nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda. Sisemi kwamba usanifishaji ulikuwa dhuluma. Bila huo nisingekuandikia leo ukanielewa. Nasema kwamba serikali ya Uganda ilihusika katika kuamua kipi ni Kiswahili safi, na wavuvi na washairi wa Siyu hawakuulizwa. Tangu hapo, mtoto wa kaskazini aandikapo "mato" badala ya "macho", au "ndia" badala ya "njia", huwekewa alama nyekundu. Mwenye nyumba amegeuzwa mgeni anayekosea adabu sebuleni kwake.

Nayo hali ya maisha huko ikoje? Siyu haina daraja la kuiunganisha na bara. Safari ya kwenda Lamu ni ya boti, na kijito kipitacho katikati ya mikoko hadi kijijini hupitika vizuri maji yajaapo. Yakitoka, chombo hukwama kwenye matope. Ndani ya kisiwa, mizigo hubebwa na punda, na siku hizi pikipiki. Mgonjwa aliyezidiwa, au mama aliyeshikwa na uchungu ukawa mgumu, huenda akahitaji kuvushwa bahari ndipo amfikie daktari bingwa. Maji ya kunywa ni shida ya kudumu: visima vingi vya Pate vina chumvi, na watu hutegemea majabia, yaani mabirika makubwa ya kukingia mvua. Mvua ikikawia, ndoo ya maji hununuliwa.

Riziki imebanwa pia. Kwa miaka kadhaa serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvuvi wa usiku katika maji ya Lamu kwa sababu ya usalama, na mvuvi aliyezoea kutega gizani akabaki na nyavu kavu. Kisha ikaja bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa ujenzi huo uliharibu maeneo yao ya uvuvi. Hukumu hiyo ni ushahidi kwamba malalamiko ya watu wa visiwani si porojo za vijiweni.

Utaniuliza: "Mwalimu, haya yananihusu nini mimi niliye Kamwokya?" Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Wewe unajua maana ya kuishi mahali panaposifiwa kwa mbali na kusahauliwa kwa karibu. Nyimbo zilizozaliwa katika vichochoro vyetu husikika Afrika Mashariki nzima, ilhali mvua inyeshapo mitaro hufurika na maji machafu huingia ndani ya nyumba zile zile zilizozitoa nyimbo hizo. Mtu akikuambia kwamba muziki huo hauna mwenyewe, utakubali? Hutakubali, kwani utatambua kwamba anayesema hivyo anataka ngoma bila kutaka kuuona mtaro. Basi usimtendee mtu wa Siyu usilotaka kutendewa. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kuna wanaohofia kwamba tukikiri kuwa Kiswahili kina wenyewe, Mganda atarudi kujiona mgeni. Hofu hiyo haina msingi. Kisima cha kijiji huchotwa na wapita njia wote, na hakuna anayeharamishiwa maji kwa sababu kisima kina waliokichimba. Kinachotakiwa ni mchotaji kuwajua wachimbaji na kuwasalimu. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha tunayo kwa sheria, kwa hiyo hatuhitaji kuwafuta wenzetu ili tuwe nayo.

Nakuachia kazi tatu. Kwanza, katika insha zako usiandike tena kwamba Waswahili "walikuwa" watu wa pwani, kana kwamba wamebaki magofu na ngome tu. Wapo, wanavua, wanasoma, wanadai haki zao mahakamani. Pili, ukikutana na neno la lahaja, usiliite kosa kabla hujauliza linasemwa wapi na nani. Tatu, Julai ijayo, utakapopewa nafasi ya kusoma shairi jukwaani, utaje mahali lilikotoka na hali ya watu wake leo, hata kama dakika zako ni mbili tu.

Elimu ya uraia haiishii kwenye wimbo wa taifa na majina ya mawaziri. Raia mwema ni yule anayejua kwamba chakula anachokula kina mkulima, na kwamba maneno anayoyasema yana watu. Nasi watu wetu wengine wako Siyu, wanangojea mvua ijaze jabia.