Vileja vya Sikukuu kwa Sukari Pungufu

Siku chache kabla ya Idi, katika nyumba nyingi za Chake Chake, Wete na Mkoani, harufu ya samli na hiliki hutangulia ile ya pilau. Ndio wakati wa vileja. Mama arejeapo kazini jioni hukuta watoto wamekwisha kuchekecha unga, na bibi yao ameketi kibaoni akingoja bakuli. Wiki hii tungependa kuzungumza na ndugu wasomaji juu ya sukari iingiayo katika bakuli hilo, maana ni nyingi kuliko tunavyodhani, na sehemu yake yaweza kutolewa pasipo kuharibu chochote.

Kipimo kilichozoeleka na wengi ni nusu kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari, mayai matatu au manne, na hiliki. Hapo hupatikana vileja 45 hivi. Robo kilo ya sukari ni vijiko vya chai vipatavyo 60 vilivyosawazishwa. Kwa hiyo kila kileja kimebeba zaidi ya kijiko kimoja. Mgeni alaye vinne na kunywa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu amekwisha kupata zaidi ya vijiko vinane, naye bado ana nyumba nyingine tano za kuzitembelea kabla ya adhuhuri. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kwa chakula chake chote, yaani vijiko 12 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya vijiko sita. Asali nayo imo katika hesabu hiyo. Yule anayebadili sukari kwa asali akidhani ameondokana na jambo hili hajaondokana nalo.

Twajua kinachowazuia wengi. Sahani ya sikukuu ni heshima ya nyumba, na mwenye nyumba huchelea kusemwa kwamba mkono wake ni mzito. Lakini utamu wa kileja haukuletwa na sukari peke yake. Hiliki iliyotwangwa siku ile ile, samli nzuri, na chembe ya chumvi huufanya ulimi uone utamu zaidi ya uliopo. Hiliki ya unga iliyokaa koponi tangu mwaka jana haifanyi kazi hiyo, na mpishi aliyeitumia ndiye alazimikaye kuongeza sukari.

Basi nunua robo kilo yako kama kawaida, kisha toa vijiko 20 vya chai vilivyosawazishwa uviweke kando. Iliyobaki itwange au isage iwe laini kama unga, kwani sukari laini huyeyuka upesi kinywani na utamu wake huonekana mapema. Tumejaribu kutoa nusu nzima; vileja vilikuwa vikavu na vya kuvunjikavunjika, wala hatuvishauri. Theluthi moja yatosha.

Hapana budi kueleza kwa nini kileja hustahimili upungufu huu kuliko biskuti za ngano. Unga wa ngano una asili ya kunata na kuvutika, kama ajuavyo kila asukumaye chapati, na sukari huizuia hali hiyo kwa kuyavuta maji upande wake. Ukiipunguza, biskuti ya ngano huwa ngumu. Unga wa mchele hauna mvutiko huo, hivyo kileja hakigeuki kuwa kigumu. Taabu yake ni nyingine: sukari huyeyuka motoni na kushikamana inapopoa, nayo ikipungua kileja hupukutika. Kwa hiyo ongeza kiini kimoja cha yai, kanda mpaka unga ushikane ukiufumbata, uache upumzike nusu saa, na ubonyeze vidonge kwa nguvu kidogo kuliko desturi. Vikiiva usiviguse. Viache juu ya sinia mpaka vipoe kabisa, hata kama watoto wamezunguka.

Sukari pungufu pia hupunguza wekundu. Hili si neno kubwa, kwa kuwa kileja chema ni cheupe, ila asiyejua hungoja rangi isiyokuja na kuvikausha. Tazama chini yake. Pakianza kugeuka rangi, epua. Umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, na baadhi ya nyumba sasa zina majiko ya kuokea. Wanaopalia makaa juu ya kifuniko wazidishe moto wa juu kuliko wa chini, na waoke vinne kwanza kabla ya kukabidhi sinia nzima.

Halua tuiache kama ilivyo. Sukari ndiyo mwili wake. Atakayeipunguza atapata uji. Dawa ya halua ni kukata vipande vidogo.

Limebaki neno kwa nyumba zenye mzee mwenye maradhi ya kisukari. Mara nyingi mzee huyo hutengwa na sahani siku ya Idi, au huwekewa sahani yake na kuambiwa hizi ni zako, zina sukari kidogo, kula utakavyo. Maneno hayo ni hatari. Unga wa mchele wenyewe hugeuka sukari mwilini, na kileja kisicho na sukari hata chembe kingali chakula cha wanga. Ale kimoja au viwili pamoja na wenzake, katika sahani ile ile, kwa kadiri alivyoelezwa kituo cha afya. Na chai yake, pamoja na yetu sote, iwe na kijiko kimoja au isiwe nacho.

Aidha, nyumba yenye mtu atumiaye dawa za kisukari isikose sukari. Dawa ikizidi chakula, mgonjwa huweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Akiwa bado aweza kumeza, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, na baada ya dakika 15 asipopata nafuu apewe tena huku akipelekwa kituo cha afya. Akiwa hawezi kumeza, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe huko mara moja. Vile vijiko 20 vilivyowekwa kando, basi, vitiwe katika kopo lenye kifuniko, na kila mtu nyumbani, hata mtoto, ajue lilipo.